Mwamshaji wa Barua

Waliomjua baba yake walikuwa na wimbo mmoja: huyu mama hakumrithi mzee hata ukucha. Mzee alianzisha karakana ya mizani kwa mikono yake mwenyewe, akaunda mizani za zahanati, za maghala na za masonara, na katika miaka yote hiyo hakuna mfanyakazi aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Binti yake, ambaye sasa ni mwaka wa nne amekalia kiti chake, hasira zake zilikuwa karibu kama kiberiti mfukoni. Wafanyakazi walimpa jina la Radi. Mbele yake, bila shaka, walimwita Mkurugenzi, tena kwa adabu zote. Jina la Radi alilijua na wala halikumkera. Kilichomkera ni kujiuliza, kila baada ya kulipuka, hasira hizi amezitoa wapi, kwa baba mtulivu vile.

Safari hii swali hilo lilimkaa kooni siku sita. Jumanne iliyopita mdogo wake wa mwisho, Kitinda, anayefanya kazi nchi ya mbali, alimwandikia barua pepe akiomba mama yao akakae kwake miezi michache. Mkurugenzi aliisoma mara moja tu, haraka haraka, amesimama, na alichokiona mle ndani ni tuhuma kwamba hamtunzi mama ipasavyo. Akaketi, akajibu. Alimkumbusha jinsi baba alivyougua miezi minane bila yeye kukanyaga nyumbani. Alimuuliza huo upendo wa mama ameuokota wapi leo. Akamalizia: "Tangu leo usiniite dada." Akabonyeza, ikaenda.

Maji yakimwagika hayazoleki. Kitinda ni mtu wa kujibu barua kabla chai haijapoa, lakini safari hii kimya. Siku ya kwanza dada mtu alisema, na akome. Siku ya tatu usingizi ukamruka. Siku ya tano mama yao akauliza tena, "Kitinda hajapiga simu?" naye akadanganya kwamba huko aliko mtandao unasumbua. Alitamani kupiga yeye, lakini angeanzia wapi? Neno lilishafika. Kila akiikumbuka ile sentensi ya mwisho alihisi aibu ikimpanda shingoni, na aibu kwake ilikuwa na tabia mbaya ya kugeuka hasira kwa mtu mwingine.

Ndiyo maana Jumatatu asubuhi, zahanati moja ya watoto ilipopiga simu kulalamika, nusura aikaripie.

"Mizani zenu za vichanga zimefika, tunashukuru," alisema muuguzi mkuu, "lakini hatuwezi kumpima mtoto bila cheti cha ukaguzi. Mlisema mmekituma Jumatano. Leo Jumatatu."

"Tazameni vizuri, mama. Kimetumwa."

"Tumetazama, mama. Hakipo."

Huyo alikuwa mteja wa nne. Tangu Alhamisi walikuwa wakilalamika mmoja mmoja kwamba barua za karakana haziwafikii, na Mkurugenzi alikuwa akiwajibu kwamba watazame vizuri. Wanne wakisema una mkia, jipapase mgongoni. Akaweka simu chini, akashuka ngazi kwenda chumba cha seva.

Zamani chumba hicho kilikuwa stoo ya mawe ya mizani. Kuta zake nene, dirisha lake dogo, na rafu ya shaba ilikuwa bado ukutani: jiwe la kilo ishirini chini kabisa, na yale madogo yakipanda hadi la gramu moja lililo sawa na kifungo cha shati. Chini ya rafu hiyo ilikaa seva, kisanduku cheusi chenye taa moja ya buluu, na feni yake ikinguruma kama paka aliyeshiba. Mbele ya skrini alikaa Bi Nyaya, fundi wa kompyuta aliyeajiriwa miezi miwili nyuma kumrithi Mzee Taratibu, fundi wa zamani aliyekuwa anastaafu. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake inaning'inia kwa kamba, na kila alichokifanya alikiandika kwa penseli kwenye kipande cha boksi.

"Tatizo nini?" aliuliza Mkurugenzi kabla hajamaliza kuingia.

"Sijalijua bado. Ila najua yasiyo tatizo, na hiyo ni nusu ya safari." Bi Nyaya akamwinulia boksi lake. "Diski haijajaa. Cheti cha usalama hakijaisha muda. Jina letu liko sawasawa kwenye daftari la majina la mtandao. Na hatumo kwenye orodha ya wanaotuma barua taka, nimeangalia zote. Nagusa kitu kimoja kwa wakati, naandika, najaribu. Nikigusa vitatu kwa mpigo halafu ikapona, sitajua dawa ilikuwa ipi."

Mkurugenzi alifungua kinywa aseme jambo kali, akakumbuka kwamba baba yake alikuwa anafundisha wanafunzi wa mizani kwa maneno hayohayo. Akavuta kreti la mbao, akaketi.

"Haya, nieleze. Mtu akibonyeza tuma kule juu, kinatokea nini?"

"Barua inashuka hapa kwetu kwanza. Halafu seva yetu inakwenda kwa seva ya huyo anayeandikiwa, popote alipo duniani, inapiga hodi. Inajitaja jina. Yule wa ndani anahakiki hilo jina, anauliza, umeleta ya nani? Anatajiwa. Anauliza, ya kwenda kwa nani? Anatajiwa. Akiridhika anasema, haya lete. Ikishapokelewa wanaagana, mlango unafungwa."

"Kila barua?"

"Kila moja. Hata ile ya neno moja, asante."

Mkurugenzi alikitazama kile kisanduku. Miaka yote alidhani barua pepe inaruka tu, kama harufu. Kumbe mle ndani kulikuwa na adabu nyingi kuliko kwenye vikao vyake vya Ijumaa. Kisha akawaza kwamba na ile yake ilipigiwa hodi hivyohivyo. Seva ilijitaja kwa heshima mlangoni kwa ndugu yake, ikakaribishwa, ndipo ikashusha ule mzigo.

"Na kila hodi inaandikwa," Bi Nyaya aliendelea, akivaa miwani. "Saa ngapi, mlango wa nani, kajibiwa nini. Mwenzetu akitukataa, sababu inaandikwa. Sasa tazama hapa. Hodi ya mwisho ni Jumanne, saa tisa na dakika thelathini na tisa alasiri. Baada ya hapo hakuna kitu."

"Walitukataa?"

"Hakuna aliyetukataa, Mkurugenzi. Hatujabisha hodi popote. Barua za kuingia zinaingia vizuri, lakini tangu Jumanne hakuna hata moja iliyotoka humu ndani."

"Jumanne ipi?"

"Hii iliyopita. Siku ya chai ya kumuaga Mzee Taratibu."

Mkurugenzi alishtuka. Siku hiyo! Alikumbuka alivyoichungulia barua ya Kitinda kwenye simu wakati Mzee Taratibu anatoa hotuba yake ndefu, alivyotoka kimya kimya kwenda ofisini kuijibu, na alivyorudi akapiga makofi pamoja na wengine. Je, alituma kabla au baada? Akachomoa simu mfukoni, akaipa mgongo skrini ya Bi Nyaya, akafungua orodha ya barua alizotuma. Ilikuwepo. Jumanne, saa tisa na dakika thelathini na moja.

Dakika nane kabla ya hodi ya mwisho. Basi ilikwenda. Tumaini lilimjia na kumtoka kabla hata hajalikaribisha, naye akairudisha simu mfukoni.

"Zinaingia, hazitoki," Bi Nyaya alikuwa akijisemea. "Na hazijarudi kwa wenyewe. Sasa ziko wapi?"

Akaandika amri fupi, akabonyeza. Skrini ikatulia kidogo kama inayofikiri, halafu mistari ikaanza kushuka. Ikashuka, ikashuka. Kila mstari barua moja: saa iliyoandikwa, aliyeandika, anayeandikiwa. Vyeti vya ukaguzi, oda za springi za mizani, salamu za rambirambi, majibu kwa wakaguzi, mchoro wa mizani ya ng'ombe. Mkono wa Bi Nyaya ulibaki hewani juu ya kibodi. Mistari iliposimama, chini kabisa kulikuwa na hesabu: mia tatu na kumi na nane.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Zipo zote. Haijapotea hata moja. Zimelala."

Mkurugenzi aliinuka kwenye kreti bila kujijua. Siku sita za kazi ya watu thelathini, sauti zote hizo, maombi yote hayo, yalikuwa yamejipanga kwenye kisanduku kisichofika magotini mwake, hayapigi kelele, yanangoja. Hakuwa mtu wa kustaajabu ovyo, lakini hapo alistaajabu, na akasimama kama mtu aliyeingia mahali pa ibada na viatu.

"Nani kazilaza?"

"Hilo ndilo la kutafuta."

Bi Nyaya alifungua faili la mipangilio, zile sheria ndogo ndogo zinazoiambia seva ifanye nini. Lilikuwa refu. Mzee Taratibu alikuwa ameliandika kwa miaka kumi na saba, na juu ya kila sheria aliweka maelezo kwa Kiswahili safi, kwa ajili ya mtu atakayekuja nyuma yake. Walishuka nalo pole pole, hadi Bi Nyaya akagonga skrini kwa ncha ya penseli.

"Hii hapa." Akasoma kwa sauti: "Kila barua itokayo nje ilazwe kwanza. Ni agizo la Mzee mwenye karakana. Mshale ukitikisika, usisome. Mwamshaji ataziamsha zikitimiza dakika kumi na tano."

Mkurugenzi alishika ukingo wa meza. Maneno hayo ya mshale hakuyasikia tangu baba afariki. Ilikuwa sheria ya kwanza aliyomfundisha kila mwanafunzi, na watoto wake mwenyewe wangali wadogo: ukiweka mzigo kwenye mizani, mshale utatikisika. Usisome. Toa mkono, ngoja utulie, ndipo useme uzito. Anayesoma mshale unaotikisika ni mwongo hata kama hakukusudia.

"Barua zetu zilikuwa zinangojeshwa robo saa?" aliuliza. "Miaka kumi na saba?"

"Na hakuna aliyegundua. Nani atahesabu robo saa kwa mtu aliye mbali?" Bi Nyaya alikuna kichwa. "Kulaza nimekuona. Ila huyo Mwamshaji, programu ya kuziamsha, simwoni. Nimemtafuta humu kote. Hakuna mahali Mzee Taratibu alipoandika anakoishi?"

Mkurugenzi alikumbuka kitu. Halafu akatoka, akapanda ngazi mbili mbili, akarudi na daftari la jalada gumu. Na hapa lazima isemwe kwamba alikuwa na sheria yake mwenyewe aliyojivunia sana: mtu akiondoka kazini, funguo zinarudi kabla chai haijapoa. Siku ile ya kuaga alikusanya funguo za Mzee Taratibu, na daftari lake la maelezo pia, akavifungia vyote kwenye saraka ya meza yake. Mwenye kulihitaji daftari alikuwa Bi Nyaya. Lakini sheria ni sheria, na saraka ilifungwa.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa umepigiwa mistari miwili kwa wino mwekundu. Bi Nyaya akausoma:

"Mwamshaji anaishi ndani ya akaunti yangu. Kila dakika anainuka, anazitazama zilizolala, zilizotimiza muda anazifungulia mlango. Tafadhali akaunti yangu isifutwe kabla hajahamishwa. Ikifutwa naye amekwenda, na barua zitalala hadi kiama."

Wakatazamana.

"Ni nani aliyefuta akaunti yake?" Mkurugenzi aliuliza, ingawa alijua.

"Mimi," alisema Bi Nyaya. "Ulikuja ukaninong'oneza katikati ya chai, ifutwe sasa hivi. Nikaenda nikafuta. Niliporudi keki ilishakwisha."

Siku nyingine angemlipukia. Leo hasira haikupata pa kushika, maana alikuwa amekumbuka jambo.

"Ile iliyopiga hodi mwisho, saa tisa na dakika thelathini na tisa. Iliandikwa saa ngapi?"

"Toa robo saa. Saa tisa na dakika ishirini na nne."

"Na iliyoandikwa saa tisa na dakika thelathini na moja?"

Bi Nyaya alimtazama juu ya miwani. Alikuwa mama wa watoto watatu, alijua kuna maswali ambayo si ya kazi. "Hiyo ingeamshwa saa tisa na dakika arobaini na sita."

"Na akaunti uliifuta..."

"Saa tisa na dakika arobaini kamili. Nimeandika hapa."

Boksi lilikuwa linasema hivyo, kwa penseli. Mkurugenzi aliketi, na bahati kreti lilikuwa bado nyuma yake. "Nitazamie," alisema, na sauti haikuwa ya Radi hata kidogo. "Nitazamie za mwanzo kabisa."

Bi Nyaya alipandisha orodha hadi juu. Ya kwanza ilikuwa ya mtu wa mauzo. Ya pili, ya mtunza stoo. Ya tatu ilikuwa ya Mkurugenzi, kwenda kwa Kitinda.

"Haijatoka?"

"Haijakanyaga hata kizingiti."

Siku sita Mkurugenzi alikuwa amebeba kosa ambalo halijatendeka. Siku sita alimwona ndugu yake akilisoma neno lile, akikunja uso, akifunga moyo. Na muda wote huo neno lilikuwa hapa chini, limelala chini ya mawe ya shaba, halijamgusa mtu. Dakika sita tu. Dakika sita zaidi na lingeamshwa, likaenda kupiga hodi. Alitaka kucheka na machozi yakamtangulia, naye akayaacha yatoke, mbele ya mwajiriwa wa miezi miwili.

"Mkurugenzi, niifute?"

"Sijui. Mpigie Mzee Taratibu."

Simu iliita sana, maana Mzee Taratibu hakupewa jina hilo bure. Alipopokea ilisikika nyundo ikiwekwa chini. Alikuwa anatengeneza kiti. Bi Nyaya akamweleza, na mzee akacheka kicheko kirefu chenye kikohozi ndani yake.

"Mmemuua Mwamshaji. Si niliandika kwa wino mwekundu?"

"Daftari lilikuwa kwangu, baba," alisema Mkurugenzi. "Kosa ni langu. Nataka barua moja isitoke. Nifanyeje?"

"Ipo amri nimeiita rudisha. Andikeni hiyo na namba ya barua. Haitafutika, itaingia kwenye sanduku la Zilizorudi. Mzee hakupenda kufuta. Alisema kilichopimwa kimepimwa."

Mkurugenzi alikunja uso. "Mzee yupi?"

"Baba yako, mama. Kwani unafikiri nilimwekea nani robo saa hiyo?" Mzee Taratibu akashusha sauti, kama anayechelea kusikiwa na marehemu. "Siku aliyolipuka hakulipuka mbele ya mtu. Alifunga mlango, akaandika, akatuma. Dakika tano, dakika kumi, namwona huyo koridoni, uso umemwiva, ananiambia, ile ya saa nne, irudishe. Siku nyingine alikuja anakimbia. Mtu mzima yule, na tumbo lake, anakimbia!"

Wakaagana naye, simu ikawekwa chini. Kisha Bi Nyaya, bila kuulizwa, akafungua sanduku la Zilizorudi.

Barua sitini na moja, na zote za mtu mmoja. Kwa wateja. Kwa wauza vyuma. Kwa mkaguzi aliyewahi kumwita mwizi wa gramu. Mbili kwa Kitinda. Yule baba mtulivu ambaye karakana nzima ilimwapia, ambaye yeye binti alijilinganisha naye na kujiona mwana wa kuokota, alikuwa amelipuka mara sitini na moja na kukimbia koridoni mara sitini na moja. Kumbe radi hii ilikuwa na ukoo. Mkurugenzi aliisoma orodha ile kwa kidole, mstari kwa mstari, moyo umemjaa hadi pomoni, na kidole kikasimama kwenye mstari mmoja uliokuwa na jina lake.

Tarehe aliijua. Ni siku aliyoiacha karakana ya baba yake na kwenda kufanya kazi kwa washindani wake, kijana, kichwa kikubwa, bila hata kuaga vizuri. Barua ilirudishwa baada ya dakika kumi na nne. Kichwa chake kilikuwa neno moja: Usirudi.

Alikumbuka kesho yake. Baba alikuja kwenye chumba chake cha kupanga, amebeba mizani ndogo ya jikoni aliyoiunda mwenyewe. Akakaa kwenye kiti cha pekee kilichokuwepo, akauliza kama paa linavuja, akanywa maji, akaondoka. Mwaka uliofuata binti akarudi karakanani, na kwa miaka yote baada ya hapo aliwaambia watu kwa fahari: baba yangu hakunikasirikia hata siku ile.

"Nikufungulie?" aliuliza Bi Nyaya kwa upole.

"Hapana. Mwenyewe aliirudisha." Akafuta uso kwa kiganja. "Weka na yangu humo."

Bi Nyaya akaandika amri. Ikawa ya sitini na mbili, chini ya zile za baba yake.

Zilibaki mia tatu na kumi na saba, na Bi Nyaya alikuwa na neno la busara: huenda na wengine wanazo za kurudisha. Ikatangazwa karakana nzima kwamba hadi saa sita mwenye barua iliyolala anaweza kuja kuitoa bila kuulizwa sababu. Walikuja saba. Mtunza stoo alitoa moja, akashukuru, akaondoka ameinamisha kichwa. Mchonga nambari alitoa mbili, akauliza kama inawezekana kurudisha ya mwaka jana. "Hiyo ilishapokelewa, kaka," alijibiwa. "Hiyo kaombe radhi." Mkurugenzi alikaa pale pale kwenye kreti lake, na hakuna aliyemwona akimcheka mtu.

Wakati huo Bi Nyaya alikuwa anamjenga upya Mwamshaji kwa kufuata daftari. Hakumweka kwenye akaunti ya mtu yeyote, ila kwenye ya seva yenyewe, isiyostaafu wala kuandaliwa chai ya kuagwa. Saa saba kasorobo akabonyeza. Wakasogeza vichwa karibu na skrini. Sekunde chache hapakuwa na kitu, feni tu. Halafu hodi ya kwanza. Ya pili. Halafu zikamiminika, nchi kwa nchi, mlango kwa mlango, karibu, umeleta ya nani, haya lete. Na kwenye ile rafu ya shaba jiwe la gramu moja liliakisi mwanga wa taa ya buluu. Mkurugenzi alijikuta ananong'ona, "Nendeni salama." Kabla ya saa saba ile zahanati ya watoto ilipiga simu kushukuru kwa cheti.

Baada ya hapo aliifungua tena barua ya Kitinda. Safari hii aliisoma amekaa. Ilikuwa fupi, na tuhuma aliyoiona Jumanne aliitafuta asiipate. Katikati, mahali alipoparuka, palikuwa pameandikwa: "Umembeba mama peke yako miaka yote hii, Dada, na mimi kwa baba nilishindwa. Nipe zamu yangu, nawe upumzike."

Akaandika jibu: "Mama atakuja. Zamu yako imefika. Nisamehe kwa kimya." Akatuma, akashuka ngazi, akaketi mbele ya seva robo saa nzima, mikono juu ya magoti. Bi Nyaya alimwambia angeweza kuiamsha mara moja kwa amri moja. Akakataa. Dakika ya kumi na tano ilipotimia Mwamshaji akainuka, na hodi ikapigwa mbali sana, mlango ukafunguliwa.

Hazikupita dakika mbili simu yake ikaita.

"Dada?" Sauti ya Kitinda ilikuwa ya mtu aliyekimbilia simu. "Kimya siku sita! Nilidhani nimekuudhi."

"Uliniudhi," alisema. "Mshale ulikuwa unatikisika."

Kitinda naye ni mtoto wa mtengeneza mizani. "Na sasa?"

"Umetulia. Hebu niite tena."

"Nikuite nini?"

"Hivyo ulivyoniita nilipopokea."

"Dada," alisema Kitinda, bila kuelewa, na dada yake akafunga macho.